Risala ya Kikundi cha Kutunza Kichwa cha Treni ya Mvuke kwa Mgeni Rasmi, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa kikundi,
Wazee wetu wastaafu wa reli,
Walimu, wanafunzi na wageni waalikwa,
Mabibi na mabwana,

Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru sana kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi chini ya mkungu huu, kando ya kichwa cha treni tunachokitunza. Kilijengwa Uingereza katika miaka ya 1950 kwa ajili ya reli yetu yenye upana wa mita moja, ile iliyoanza kujengwa hapa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kilichoma mafuta mazito, na presha yake ya kazi ilikuwa ratili 200 kwa inchi ya mraba. Wanafunzi waliokaa mbele yako wamepanda treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024. Mlio wa honi ya mvuke wanausikia kwenye simu tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumekuita kwa jambo moja. Tunataka kutoa kandarasi ya kukagua na kukarabati kichwa hiki, na safari hii tunataka kuitoa kwa namna isiyotuumiza.

Tunasema hivyo kwa sababu tuliwahi kuumia. Miaka ya nyuma tulichanga, tukampata mkandarasi mmoja, akaja akakizunguka kichwa kwa muda wa nusu saa, akatupa bei moja ya jumla. Tukakubali. Akapiga rangi nyeusi nzuri sana. Akafungua mabomba ya shaba na geji za kibandani, akasema anakwenda kuzisafisha. Hazikurudi, na kwenye mkataba hapakuwa na orodha ya kumdai. Kibaya zaidi, vijana wake walibandua kwa mikono mitupu kipande cha ile blanketi nyeupe iliyofunika boila, yaani tangi la chuma la kuchemshia maji ya mvuke. Baadaye mzee mmoja alituambia kwamba blanketi za zama zile zilikuwa za asbesto. Vumbi lake huingia kwenye mapafu na linaweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Vijana wale hatujui walipo leo, na jambo hili linatuumiza kuliko geji zilizopotea.

Mwezi uliopita mzee wetu, fundi wa boila aliyestaafu, aliingia ndani ya tanuri, yaani chumba cha moto cha boila, akiwa na nyundo ndogo. Wanafunzi wawili walimfuata, mmoja ameshika tochi, mwingine chaki. Ndani ya tanuri kuna safu kwa safu za bolti zinazoshikanisha ukuta wa ndani na ukuta wa nje wa boila. Mafundi huziita steyi. Mzee aligonga moja moja. Steyi nzima hulia kama kengele. Iliyokatika hutoa sauti nzito, iliyokufa, na mwanafunzi huweka alama ya msalaba. Walipotoka wakiwa weusi kwa masizi, tulihesabu misalaba 11, na 7 kati yake imekusanyika pembe moja ya juu. Mzee akatueleza kwamba hiyo si bahati mbaya: steyi moja ikikatika, mzigo wake huhamia kwa jirani zake, nazo huchoka kabla ya wakati.

Hayo ni yale tu ambayo nyundo imeweza kusema. Unene wa mabati nyundo haiusemi. Huo hupimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, kipimo kwa kipimo, hadi upatikane mchoro wa boila nzima unaoonyesha palipoliwa na kutu. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na masizi ya mafuta mazito yakipata unyevu huwa asidi inayokula chuma kimyakimya, hasa sakafu ya chumba cha moshi kilicho mbele ya boila. Rangi haionyeshi lolote kati ya haya.

Yapo yaliyotokea kwa wenzetu. Juni 1995, karibu na Gettysburg nchini Marekani, kichwa cha mvuke cha treni ya utalii kilipungukiwa maji hadi dari la tanuri, ambalo hupozwa na maji yaliyo juu yake, likabaki kavu. Chuma kikalegea kwa joto, dari likashuka, mvuke ukafumuka kibandani na kuwaunguza vibaya wafanyakazi 3. Wachunguzi walikuta njia za kioo cha kupimia maji zimeziba kwa ukoko wa chokaa, kama ule unaoganda ndani ya birika. Marekani iliandika upya kanuni zake mwaka 1999. Sasa kila boila ya kichwa cha treni hufunguliwa na kukaguliwa yote baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lolote litakalotangulia.

Kwa hiyo tunaomba kandarasi ziwe mbili. Ya kwanza ni ya ukaguzi peke yake, na atakayekagua asiruhusiwe kuomba kazi ya matengenezo, maana mwenye kuuza dawa hakosi kuona ugonjwa. Asbesto iondolewe kwanza na watu wenye vifaa na ujuzi wa kazi hiyo, kabla mtu mwingine hajagusa boila. Kila kinachofunguliwa kipigwe picha, kipewe namba ya bati na kiandikwe kwenye daftari, hata kama ni nati. Kandarasi ya pili ije baada ya kusoma ripoti, na bei yake iwe kwa kila kipimo: steyi moja kiasi gani, tyubu moja, yaani bomba la kupitishia moshi wa moto ndani ya boila, kiasi gani. Bei ya jumla kwa kazi ambayo hakuna aliyeiona ndani ni kamari. Sehemu ya malipo ibaki mikononi mwetu hadi boila ijaribiwe kwa maji, kwa presha iliyozidi ile ya kazi, mbele ya mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Maji hutangulia kwa sababu boila ikivuja presha hushuka papo hapo; mvuke haukupi nafasi hiyo.

Si aibu kutoa kazi nje. Waingereza walipojenga kichwa kipya cha mvuke, Tornado, kilichokamilika mwaka 2008, boila yake ilitengenezwa Meiningen, Ujerumani, lakini kichwa chenyewe walikiunganisha wao huko Darlington. Nasi tunataka vivyo hivyo: boila iende kwa wenye ujuzi, lakini breki, magurudumu na kibanda vibaki mikononi mwa wazee wetu na wanafunzi hawa, na mkataba umlazimishe mkandarasi kuwapokea wanafunzi wakati wa kazi yake.

Ripoti ikisema boila haifai tena kuwashwa, tutaipokea. Kichwa kitasimama hapa, salama na kisafi, na watoto watapanda kibandani. Hatutakiwasha kwa ajili ya sherehe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni mawili. Utusaidie kupata fedha za ukaguzi tu, si za ukarabati. Hizo tutaziomba tukiwa na ripoti mkononi. Na utuunganishe na ofisi ya OSHA ili mkaguzi wake atushauri tunapoandika hadidu za rejea, kabla zabuni haijatangazwa.

Mwisho, mzee wetu yuko pale mlangoni mwa tanuri na nyundo yake. Ameomba, ukiwa tayari, uingie naye ugonge steyi mbili, nzima moja na iliyokatika moja, uzisikie mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.