Mdogo wangu, usikimbilie mdomo

Mdogo wangu,

Huku Arua joto ni lilelile. Mama kaniambia umeanza kliniki ya kupanga meno hapo Kampala na ati klasi za Angle, yale makundi matatu ya jinsi meno ya juu na ya chini yanavyoumana, zimekataa kukaa kichwani. Nimecheka, si kwa ubaya, hata mimi zilinitesa, lakini wacha nikwambie klasi sio tatizo lako, tatizo ni hiyo haraka ya kumwambia mgonjwa fungua mdomo hata hajakaa vizuri kwenye kiti.

Mimi nilifanya hivohivo. Nikakagua jino kwa jino, fomu ikajaa pande mbili, alafu mwalimu akaja akauliza swali moja tu, kidevu chake kimeenda upande gani? Uso sikuwa nimeuangalia hata mara moja! Na yule kijana taya lilikuwa limehamia kushoto waziwazi, hata konda wa taksi angeona.

Kwahiyo anza akiwa bado anaingia mlangoni. Uso wa mbele, uso wa pembeni, midomo inakutana yenyewe au anailazimisha mpaka kidevu kinajikunja, anapumulia mdomo, kidole ananyonya bado? Na muulize kilichomleta. Kuna mwenzangu alimpangia dada mmoja kufunga mwanya, kumbe mwanya ndio urembo wake, yeye alikuja kwa ajili ya jino la chini lililopinda.

Sasa klasi. Angle alikuwa Mmarekani, alizitoa mwaka 1899, na zote zinasimama kwenye gego la kwanza la kudumu. Kile kilele cha mbele cha gego la juu, upande wa shavu, kikiingia kwenye mfereji wa gego la chini hiyo ni ya kwanza, la chini likibaki nyuma ni ya pili, likitangulia ni ya tatu, basi. Anayekudanganya ni mgonjwa mwenyewe, ukimwambia uma anasukuma taya mbele, mwambie apeleke ncha ya ulimi nyuma kwenye kaakaa ndo afunge polepole. Ovajeti, yaani meno ya mbele ya juu yametangulia ya chini kiasi gani, pima na rula, milimita 2 hadi 3 ni kawaida.

Hilo gego linaota kwenye miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, na kwa vile halijang'oa jino lolote wazazi wanadhani nalo ni la utoto wanaliacha lioze. Wewe ukilikuta limetoboka mwambie mama palepale.

Na kitu ambacho vitabu vya Ulaya havitakwambia, ebiino. Huku kwetu mtoto mchanga akiharisha au akipata homa kuna wanaompeleka ang'olewe vichipukizi vya chonge kwamba ndivyo vinamuua. Akikua chonge hazipo, au zimeota zimeharibika, au zimetokea pasipo pake na meno ya jirani yamesogea. Ukiona chonge za chini hazipo usiandike kazaliwa bila, uliza, tena uliza taratibu, maana mama atakuwa amekaa hapohapo na si yeye tu aliyeamua, jjajja, bibi yake mtoto, alikuwepo.

Nimekutumia modeli zangu za plasta na basi la usiku, klasi zote tatu. Ile ya tatu imekatika chonge, niliangusha mimi, usije ukaiandikia ebiino.