Barua kwa Mwanangu Anayeanza Safari kwa Lori Lake

Mariakani

Mwanangu mpenzi,

Dada yako ameniambia kwamba Jumatatu utapakia kontena lako la kwanza bandarini, na kwamba umemwahidi mwenye mzigo kuwa utalifikisha Malaba, kule mpakani na Uganda, Jumanne asubuhi. Kwa kontena nimeshukuru. Hiyo Jumanne asubuhi ndiyo iliyoninyima usingizi, na ningependa kuisikia kwako wewe, si kwa dada yako.

Sheria ya Trafiki inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Nimepiga hesabu katika daftari la madeni ya chai: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa lori lako, hata ukiachiwa barabara tupu tangu Changamwe hapo Mombasa, saa hizo zitakwisha ukiwa umekwenda kilomita 640, ilhali Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Ahadi hiyo uliitoa kwa hesabu gani? Ulipokuwa umeajiriwa, tajiri alikuharakisha kwa simu nawe ukapata wa kumlaumu. Sasa tajiri ni wewe na dereva ni wewe, na hakuna atakayekuamuru ulale.

Najua utanitajia mkopo wa chama. Usinikumbushe ni nani aliyekudhamini, sahihi yangu naijua.

Hapa kibandani, karibu na mizani ya malori, nawaona wenzako kila alfajiri. Juzi mmoja aliinua glasi ya chai, shavu limejaa muguka, yale majani wanayotafuna wasisinzie, akabaki ameishika hewani, macho wazi lakini haitiki anapoitwa, mpaka chai ikammwagikia mapajani. Alijipangusa, akalipa, akaliwasha lori. Muguka hulifungua jicho tu, uchovu haugusi. Wala usiniambie kwamba utingo wako atakupokea usukani usiku, kwa sababu kijana yule hana leseni ya kuendesha trela.

Kuhusu mzigo sina shaka nawe. Tangu ulipokuwa utingo ulijua kwamba mizani haipimi jumla peke yake, bali hupima na ekseli, na kwamba trela la ekseli sita kama lako, lenye tani 8 mbele, 18 katikati na 24 nyuma, halivuki tani 50. Ila kontena la kwenda Uganda huwa limefungwa lakiri, na likipakiwa vibaya huwezi kulifungua njiani ili uusogeze mzigo, kwa hiyo lipime kabla hujaondoka Mombasa, hata kama itakugharimu nusu siku. Na kule Salgaa usitoe gia ili kuokoa dizeli. Mteremko ule umeua wengi waliokuwa hodari kuliko wewe.

Tarehe 30 Juni 2023, lori lenye kontena lilipoacha njia pale njia panda ya Londiani, watu zaidi ya 50 walikufa, wakiwemo wachuuzi wa kando ya barabara. Sisemi kwamba dereva yule alisinzia. Nasema mahali ninapouzia chai ni kando ya barabara vilevile, na mama wa watu wengine wako hivyo hadi mpakani.

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumiliki lori, na cheti cha usajili chenye jina lako nimewaonyesha majirani mpaka kimeanza kukunjika pembe. Mpigie mwenye mzigo leo umwambie Jumatano jioni, ulale Nairobi, kisha unijulishe amejibu nini. Akikataa, mwachie mzigo wake.

Mabati ya jikoni bado yanavuja, na fundi nimemwambia asubiri, kwa hiyo usitume pesa mwezi huu. Badilisha kwanza yale matairi mawili ya nyuma yaliyokwisha meno. Dada yako anakuja huko Jumapili. Mpe nakala ya bima na ya cheti cha ukaguzi, niziweke sandukuni pamoja na hati ya shamba.

Mamako