Watu wa ufalme huu wanakula nini?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie riwaya za fantasia tunazowaandikia vijana wetu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa Tanga. Jumamosi asubuhi huwa nasoma hadithi na wanafunzi wachache chini ya mwembe. Mwezi uliopita tulisoma riwaya ya kijana aliyetumbukia katika ufalme wa ajabu. Mlikuwa na ngome, upanga unaowaka moto na mfalme ambaye jina lake hakuna aliyeweza kulitamka. Tulipofika kama ukurasa wa 30, binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, hawa watu wanakula nini?"

Nikarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna aliyekula. Hakuna shamba, hakuna soko, hakuna jiko linalofuka moshi. Wale watoto hawakutaka kuendelea, nami sikuwalazimisha.

Nikawachukulia Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, mwana wa Tanga hii hii, iliyotoka mwaka 1951. Nchi hiyo ya Kusadikika inaelea angani. Katika kesi ya Karama, mshtakiwa wa riwaya hiyo, tunasikia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Hapo kwenye ardhini ndipo nilipowasimamisha wanafunzi. Kwa mtu anayeishi hewani, ardhi nayo ni ugenini, inahitaji kupelekewa mjumbe! Jambo dogo hilo, lakini linakuonyesha kwamba mwandishi aliikalia nchi yake kwa mawazo mpaka akajua wenyeji wake wanautazamaje ulimwengu. Na majina yake yanafanya kazi. Ukisikia waziri anaitwa Majivuno, umeshajua unashughulika na nani.

Lugha yetu yenyewe imejaa uchawi, ni kuutumia tu. Mhamishe nyoka ngeli, anakuwa joka. Mshushe, anakuwa kijoka. Mtu anageuka jitu, kisha kijitu. Hebu fikiria mganga ambaye uwezo wake wote ni kuhamisha vitu ngeli: anatamka neno, mto unakuwa kijito, jeshi linavuka kwa miguu. Hilo litamkaa mtoto kichwani kwa sababu linatoka katika maneno anayoyatumia kila siku. Badala yake tunampa "alishangaa sana" na "aliogopa sana" tangu mwanzo mpaka mwisho, na sura ya mwisho inayomweleza alichotakiwa kujifunza.

Yule binti aliyeuliza habari za chakula ameandika hadithi yake mwenyewe. Katika mji wake, maji yakipwa yanaondoka na sauti za watu. Mnada wa samaki lazima umalizike kabla bahari haijatoka, la sivyo madalali wanabaki kupepea mikono. Mama akitaka kumwita mwanawe aliye mbali husubiri bamvua, siku maji yanapofika mpaka ngazi za msikiti. Siku za maji mafu watu husemezana kwa minong'ono, kwa kuwa bahari haitoki mbali wala hairudi na nguvu. Nilimuuliza wagonjwa wanaitaje msaada usiku, maji yakiwa yametoka. Alikuwa na jibu tayari: kila kitanda kimefungwa kamba inayopita dirishani mpaka kwa jirani.

Hiyo kamba ndiyo ninayoitafuta katika vitabu vinavyouzwa madukani, na ni nadra kuiona.

Mchapishaji mmoja niliyempelekea hadithi hiyo aliniuliza funzo lake liko wapi, na kama inafaa kuwa kitabu cha ziada shuleni. Najua naye ana karatasi ya kulipia na mauzo ya kuhangaikia. Lakini binti huyu ana umri wa miaka 15, na akiambiwa hivyo mara mbili tatu zaidi ataacha kuandika.

Kwa hiyo ninalo ombi, mhariri. Gazeti lako lina ukurasa wa watoto kila Jumapili. Tenga nusu yake kwa hadithi za namna hii zinazoandikwa na vijana wenyewe, na mhakiki mmoja awajibu kwa kuwauliza maswali kuhusu dunia zao. Ninazo tatu hapa mezani, zimeshapigwa chapa. Ya kwanza ni hiyo ya mji wa sauti.

Mwalimu wa Kiswahili,
Tanga