Risala ya Wafugaji wa Sungura wa Igoma kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata na mtaa, ndugu wanakikundi na majirani, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kupanda huku kwetu. Barabara umeiona mwenyewe.

Kikundi chetu kilianza na majike matatu na dume la kuazima. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa: tunaweka akiba kila Jumamosi, tumeuza nyama hadi Kirumba, na mbolea yetu inasifika kwa wakulima wa mchicha. Mafanikio ni mengi, lakini muda wako ni mfupi, nasi tungependa utumike kwa jambo moja.

Mheshimiwa, vitoto vyetu havikui. Jike hubeba mimba siku 31 hivi, huzaa salama, na vitoto hufumbua macho vikifika siku 10 hivi. Balaa huanza vinapoachishwa kunyonya. Kitoto kilichokuwa kikirukaruka jana utakikuta kimejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, kinaharisha, tumbo limejaa kama ngoma, ilhali ukipitisha kidole mgongoni unahesabu mifupa. Kinachopona hudumaa, na hakuna mteja anayenunua sungura wa miezi minne mwenye umbo la panya. Tulipompasua mmoja mbele ya mtaalamu wa mifugo, ini lilikuwa na madoa meupe tele. Alitueleza kuwa hiyo ni koksidia, vijidudu vinavyotoka na mavi, hukomaa kwa siku chache vikipata unyevu, kisha huliwa tena pamoja na majani yaliyochafuka.

Dawa tumejaribu. Wapo miongoni mwetu waliowanywesha sungura amoksisilini iliyobaki ya watoto wao wa nyumbani, wakawamaliza sungura wenyewe, kwa kuwa dawa hiyo ikinyweshwa sungura huua bakteria wanaomsaidia kusaga chakula. Siku hizi tunatumia dawa za salfa kwa maelekezo ya mtaalamu, na nyasi tunazikausha kwanza. Hata hivyo, dawa ikitibu leo, sakafu inaambukiza kesho, kwa sababu vibanda vyetu vimekaa chini, sakafu ni mbao na maboksi, na mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, paa linavuja na kila kitu kinageuka uji.

Kwa hiyo tunaomba wavu wa waya wa sakafu, mbao na mabati, ili tuinue vizimba na mavi yadondoke chini, mbali na midomo ya vitoto.

Ombi hili si geni, Mheshimiwa. Mgeni rasmi aliyekutangulia alilisikia papa hapa, akaahidi kulitekeleza ndani ya mwezi mmoja, tukampigia makofi na kumkabidhi dume letu nono kuliko yote. Tunaamini alikuwa mtamu. Aliyemtangulia yeye alichukua nakala ya risala na kuikunja vizuri mfukoni. Hatusemi haya kwa kulaumu. Tunaeleza tu kwa nini safari hii zawadi yako ni kikapu cha mchicha.

Vipimo vya vizimba na bei za duka la vifaa vimeambatanishwa, na fundi tutamlipa wenyewe. Tutashukuru ukitutajia tarehe kabla hujaondoka, hata ikiwa ya mbali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.