Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Kaunti: Watoto wapo, walimu ndio hawapo

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za wazazi wa chekechea ya watoto wenye mahitaji maalum, ile iliyo ndani ya uwanja wa shule ya msingi ya umma. Tulipouliza afisini mwako kwa nini darasa zima limeachiwa mwalimu mmoja, tulijibiwa kwamba watoto walioandikishwa ni wachache mno kuletewa wa pili. Jibu hilo ndilo limenifanya nikuandikie hadharani.

Watoto wapo, Mheshimiwa. Wako majumbani. Mama anakuja Januari na mtoto mgongoni, anakaribishwa vizuri, kisha anaombwa asubiri muhula ujao kwa sababu mwalimu hana namna ya kumpokea mwingine wa kubebwa. Muhula ukifika, harudi. Jina la mtoto haliingii kwenye rejista, na rejista ndiyo inayofika mezani kwako. Basi mwalimu haletwi kwa kuwa watoto ni wachache, na watoto ni wachache kwa kuwa mwalimu haletwi.

Ungepita siku moja saa nne asubuhi, wakati wa uji, ungejionea. Kuna mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye humeza kwa shida. Lazima akalishwe wima, kichwa kishikiliwe, uji utiwe nusu kijiko nusu kijiko, la sivyo utapita njia ya hewa. Huwezi kuharakisha. Mwalimu akiwa hapo, mvulana mwenye usonji ameshainuka anaelekea langoni, na nje ya lango ni barabara ya matatu. Huitwa mwanafunzi wa gredi ya sita aache hesabu zake amkimbilie. Pembeni kuna mwingine amejichafua, anangoja kubadilishwa. Mwalimu simlaumu hata chembe. Akiugua, darasa linafungwa.

Najua utaniambia mambo ya mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya limeiweka chekechea mikononi mwa kaunti. Walimu wa shule za msingi, wakiwemo wa elimu maalum, wanaajiriwa na TSC, tume ya taifa ya kuajiri walimu. Upimaji wa watoto wenye ulemavu, ili ijulikane wanahitaji msaada gani, unafanywa na vituo vya EARC, vilivyo chini ya Wizara ya Elimu ya taifa. Mtoto wa miaka minne mwenye ulemavu ameangukia katikati. Mlango mmoja tunaambiwa huyu ni wa chekechea, mlango wa pili tunaambiwa huyu ni wa elimu maalum, nasi tunazungushwa kama pia. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaihesabu chekechea kuwa elimu ya msingi, na Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto elimu hiyo, bure na kwa lazima. Chekechea ni yako. Anza na kilicho chako.

Usihesabu watoto kwa rejista. Wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumba hadi nyumba na wanajua kila boma lenye mtoto asiyetembea au asiyesema. Waagize wakuletee orodha kabla ya uandikishaji. Kisha waombe maafisa wa EARC waje katika wadi yetu kuwapima watoto hawa, kwa sababu nauli ya kumfikisha mjini mtoto asiyeweza kukaa kwenye matatu ni ya kukodi tuktuk nzima, na wengi wetu ni vibarua.

Walimu waliosomea kazi hii hawakosekani. KISE, taasisi ya taifa ya elimu maalum, imekuwa ikiwafunza tangu 1986; namjua mmoja, anauza mitumba sokoni. Tangazo la mwisho la kazi za chekechea katika kaunti yetu liliomba cheti cha ECDE tu, yaani cha ualimu wa chekechea, halikutaja elimu maalum popote. Lijalo litenge nafasi hizo waziwazi.

Pamoja na mwalimu tunahitaji msaidizi wa darasa, mtu wa kulisha, kubadilisha na kulinda lango. Hatudai mwenye diploma. Tuliwahi kuchanga tumlipe mama mmoja wa hapa hapa, akaifanya kazi vizuri sana mpaka mchango ukakatika. Bado yupo tayari kurudi. Tunachoomba ni kaunti imlipe, kuanzia Januari.

Wako,
Mzazi, kwa niaba ya kamati ya wazazi