Tarumbeta nne hazina besi

Mhariri,

Nimesoma makala mliyochapisha Jumapili iliyopita kuhusu utunzi wa muziki wa matarumbeta, na naomba nafasi nisahihishe jambo moja. Mwandishi anashauri kwamba anayetungia kikundi cha watu wanne ampe mpigaji wa kwanza pikolo, yaani tarumbeta ndogo ya sauti za juu, ili apande juu zaidi, na wa nne ampe flugelihoni, ndugu wa tarumbeta mwenye sauti laini, ili ashike besi. Kwa mtu aliyewahi kusimama mbele ya kikundi kama hicho, ushauri huo hausaidii juu wala chini.

Flugelihoni ya kawaida, yenye vali (vitufe vya kubadili nota) tatu, haishuki kuliko tarumbeta ya B-flati, ile ya kawaida, hata kwa nota moja. Mabomba yao yana urefu uleule. Tofauti ni kwamba la flugelihoni hupanuka kidogo kidogo kwa sehemu kubwa ya urefu wake, ndiyo maana sauti yake ni laini na nzito. Zote mbili hukomea E iliyo chini ya C ya kati, ile ya katikati ya kinanda, ilhali besi wa kwaya hushuka karibu oktava nzima kupita hapo.

Hilo nililijua kwa aibu. Mwaka mmoja niliandika wimbo wa Pasaka kwa tarumbeta nne kwa kunakili sauti nne za kwaya, na besi nikaipandisha oktava moja ili ipigike. Katika mazoezi besi ikawa juu ya tenori, G ya tenori ikawa ndiyo nota ya chini kabisa, na akodi (nota zinazolia pamoja) ya mwisho ya C, iliyopaswa kutua, ikabaki inaning'inia. Siku hizi sinakili tena: sauti ya nne naipangia nafasi yake kwanza, kati ya E hiyo na C ya kati, kisha tatu za juu nazisogeza upya zikae karibu karibu. Flugelihoni naipa sauti ya tatu, au ubeti wa polepole iongoze yenyewe, kwa kuwa tarumbeta tatu zikipigwa kwa nguvu huimeza. Anayetaka besi ya kweli atafute tarumbeta ya besi, ambayo hulia oktava moja chini, au amwite tu mpiga tromboni.

Kuhusu pikolo, bomba lake ni nusu ya lile la B-flati, lakini midomo hulazimika kutetemeka kwa kasi ileile ili nota ileile itoke. Faida yake ni uhakika wa kuilenga nota, maana huko juu nota za tarumbeta ya kawaida zimesongamana. Wapigaji wangu, wanaopuliza tenzi tatu mfululizo juani, wanahitaji mapumziko ya mizani minne ya muziki zaidi kuliko pikolo.

Mtunzi aulize pia wapigaji wanasomaje. Kwa desturi ya tarumbeta ya B-flati, C iliyoandikwa hulia B-flati. Kikundi changu cha Kilutheri, hata hivyo, husoma nota kama zinavyolia, kwa mtindo ambao mchungaji Johannes Kuhlo aliueneza Ujerumani ili matarumbeta yapigwe moja kwa moja kutoka kitabu cha nyimbo. Ukituletea karatasi zilizokwisha kuhamishwa, yaani zilizoandikwa toni moja juu kwa ajili ya tarumbeta ya B-flati, tutapiga wimbo mzima toni moja juu ya kinanda.

Mwalimu wa matarumbeta,
Lushoto, Tanga