Kinyozi wa Kingston ana ukuta wake, Tingatinga wetu yuko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu kuhusu mchoraji wetu Tingatinga. Hivi karibuni nilikwenda Jamaika kuwasalimia wakwe zangu, maana mke wangu ni wa huko. Kampuni iliyotuandalia matembezi ilituzungusha fukweni, lakini nilipouliza habari za Jumba la Taifa la Sanaa nikajibiwa kwamba katikati ya Kingston hakuna cha kuona. Mama mkwe alikasirika. Jumapili akatuchukua mwenyewe hadi karibu na bandari, jumba lilikohamia mwaka 1982, baada ya kuanzishwa mwaka 1974 katika nyumba ya kale iitwayo Devon House.

Kilichonisimamisha kwanza ni sanamu ya mti wa mahogani aliyoichonga Edna Manley mwaka 1935. Wala si kubwa. Ni mtu mweusi, kifua kimejaa, shingo imevutwa, uso umeelekea juu kama aliyesikia anaitwa. Mwaka 1937 watu walichanga fedha ikanunuliwa, ikawa mali ya umma. Mwaka uliofuata kisiwa kizima kilitikiswa na migomo ya wafanyakazi. Mama mkwe alisimama mbele yake bila kusema neno.

Mimi lakini nilikaa zaidi kwenye picha za John Dunkley. Huyu alikuwa kinyozi. Alikuwa na duka lake la kunyolea pale pale Kingston, akalipamba kwa maua na mimea itambaayo hadi kwenye fenicha. Hakupita chuo chochote cha sanaa. Picha zake zina giza: kijani kizito, miti iliyosongamana, visiki, na kijia chembamba kinachoingia ndani usijue kinatokea wapi. Binadamu ni nadra kumwona. Ukisogea, unakuta majani yamechorwa moja moja, kwa uvumilivu ule ule wa mtu aliyezoea kunyoosha mstari wa ndevu. Alifariki mwaka 1947.

Yumo pia Mallica Reynolds, maarufu kwa jina la Kapo, kiongozi wa kanisa aliyechonga na kuchora bila kufundishwa na mtu. Mwaka 1979 jumba hilo, likiongozwa kisanaa na David Boxer, liliandaa maonyesho ya watu wa aina hii. Halikuwaita wachoraji wa vichochoroni. Liliwapa jina la heshima, kwamba ni watu wenye jicho la ndani.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Edward Saidi Tingatinga. Mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kazi! Wateja wake wengi walikuwa wageni, nao walipoondoka nchini waliondoka na picha zake. Leo jina lake limegeuka jina la bidhaa. Mtalii anauliza tingatinga bei gani, anauziwa iliyokauka jana, na muuzaji hataji kamwe kwamba hilo lilikuwa jina la mtu. Vijana wanaozichora sasa siwalaumu, wanakula jasho lao. Ninachodai ni kazi za mkono wake mwenyewe, mahali ambapo mtoto wa Tunduru akija mjini ataingia na kuzitazama.

Naiomba wizara inayohusika na sanaa itenge chumba cha kudumu kwa ajili yake pale Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Itafute picha zake popote zilipo, inunue hata tano, na pembeni iandike kwa herufi zinazosomeka alikozaliwa na mwaka: Tunduru, 1932. Kama fedha hazitoshi, itangaze mchango, kama walivyochanga Wajamaika mwaka 1937. Mimi shilingi elfu hamsini zangu nimeshaziweka kando.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam